Jina Lililoitwa Saa Saba na Dakika Kumi

Mwezi uliopita nilikabidhi kompyuta, kiti kinachoyumba na kikombe ambacho hata hakikuwa changu, nikashuka ngazi za ofisi yetu pale mjini Kakamega kwa mara ya mwisho nikiwa mfanyakazi. Ninyi mliobaki juu mlisema niwaandikie machache kuhusu kazi. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alirukwa hamtazisoma hapa. Nitawaeleza nilivyoanza, kosa dogo nililolifanya kwa mkono wangu mwenyewe, na kitu nilichokisikia katika ukumbi mtupu wa hospitali mchana peupe. Kitu hicho nikikikumbuka nikiwa peke yangu nyumbani, huwa ninainuka nikatafute kazi nyingine ya kufanya.

Nilipoanza, chini ya ofisi kulikuwa na duka la mbolea, na harufu yake ilipanda mpaka kwenye karatasi zetu. Aliyenipokea ni Mzee Rajabu, mtu wa Mumias, mfupi, mpole, mwenye kofia ya kufumwa. Kila asubuhi alisema "Asalaam aleikum" kwa kila mtu chumbani, kisha akaisema tena kwa kompyuta yake kabla ya kuiwasha. Sikuwahi kujua kama ni mzaha. Hakuwa mtu wa kucheka ili ujue.

Siku hiyo ya kwanza hakunipa kazi. Alinikalisha mbele ya skrini na kuniuliza, "Kwenye kona ya juu, kushoto mwa dirisha la programu, unaona nini?"

"Kipicha kidogo."

"Kibonyeze."

Nikabonyeza, ikashuka ile menyu ambayo nyote mmeiona na karibu nyote mmeisahau: rejesha, sogeza, punguza, kuza, funga.

"Hiyo ni menyu ya dirisha lenyewe," akasema. "Wewe hukuiandika, imeletwa na mfumo wa kompyuta yenyewe. Ukitaka unaweza kuongeza amri yako hapo chini, na mfumo utakukubalia bila maneno mengi. Lakini kumbuka hapo uko kwa wenyewe."

Akanipa kanuni tatu, nikaziandika kwenye daftari. Ya kwanza, kila amri ina namba yake, na namba za mfumo, ambazo huchanganya herufi na tarakimu, zinaanzia F000 kwenda juu, kwa hiyo ya kwako iwe chini ya hapo. Ya pili, namba yako iishie kwa sifuri, maana tarakimu ya mwisho mfumo unaitumia kwa mambo yake. Ya tatu, ujumbe wa amri ukikufikia na amri hiyo si yako, usiuzuie, upitishe uende kwa mfumo.

Kuandika ni jambo moja na kukumbuka ni lingine. Kanuni ya sifuri niliikumbuka kwa sababu iliniuma mapema. Ofisi moja ya wakulima wa miwa upande wa Malava ilitaka programu ya orodha ya wanachama, nami nikaiongezea menyu ya dirisha amri mbili, moja ya "Msaada" na nyingine ya "Chapisha Zote". Namba zake nilizitofautisha kwa tarakimu ya mwisho tu. Mfumo ukazichukulia kama amri moja. Kwa siku mbili, kila aliyeomba msaada alichapishiwa majina ya wakulima wote wa Malava, na karani wao akanipigia simu kuniuliza kama huo ndio msaada. Mzee Rajabu hakunigombeza. Alinituma kwenda kuchukua zile karatasi, zote, nikazibeba begani kutoka stendi.

Kanuni ya kwanza, ile ya F000, haikuniuma wakati huo. Ilingoja.

Miaka ikapita. Tukapata kazi katika hospitali ya misheni nje ya mji, kwenye barabara ya Navakholo. Jina lake sitalitaja. Walitaka programu ya kuita wagonjwa kwenye ukumbi wa kusubiri. Shida yao ilikuwa majina. Mnajua huku kwetu l na r hubadilishana viti. Karani mmoja aliita Rusala, akaja Lusala, na nusura mtu adungwe sindano ya mwenzake. Mzee Rajabu akalifikiria jambo hilo siku nzima, halafu akasema, "Kila mtu analijua jina lake. Ajiite mwenyewe."

Ndivyo tulivyofanya. Mgonjwa akifika kwenye dirisha la karani kujiandikisha, anasema jina lake kwenye maikrofoni. Zamu yake ikifika, spika za ukumbini zinamwita kwa sauti yake mwenyewe. Mwanzoni watu walishtuka, wengine wakacheka, halafu wakazoea. Mtu anasikia sauti yake ikimwita, anainuka, anaenda kwa karani, karani anabonyeza "Ameitika" na jina linaondoka kwenye orodha. Asiyebonyezewa anabaki. Orodha hatukuifuta jioni, kwa sababu wengine waliambiwa warudi kesho yake kuchukua majibu ya maabara.

Kwa hao waliobaki niliandika amri moja, "Ita Waliobaki". Inachukua aliyesubiri kuliko wote na kumwita tena. Sikutaka iwe kwenye vitufe vikubwa ambapo karani anaweza kuigusa kwa bahati mbaya. Nikaiweka kwenye menyu ya dirisha. Wiki hiyo Mzee Rajabu alikuwa kwao Mumias akiuguza mguu. Nikaziangalia namba za amri zilizokuwa tayari kwenye menyu, nikaona kubwa kuliko zote ni F120. Nikasema nitaendelea kutoka hapo. Nikaruka nafasi moja kwa adabu, nikaandika F140. Iliishia kwa sifuri, nami nikajipongeza. Nikaijaribu, ikafanya kazi. Ilifanya kazi hivyo kwa zaidi ya mwaka.

Halafu siku moja akaja ofisini Roda, karani wa ule ukumbi. Roda ni msichana wa Navakholo, mchangamfu, ambaye nilimfundisha mwenyewe kutumia programu na akanizidi baada ya wiki moja. Siku hiyo hakuwa mchangamfu. Alikataa chai. Mzee Rajabu alikuwa amekwisha kustaafu, kwa hiyo chumbani tulikuwa wawili tu.

"Madam," akaniambia, "ile programu yako inamwita mtu alikufa."

Nikamwambia akae, anieleze kutoka mwanzo.

Karibu mwezi mmoja nyuma, mzee mmoja jina lake Zakaria Lukhale aliletwa na mkewe akiwa anaumwa kifua. Alijiandikisha, akakaa kwenye benchi. Dakika chache kabla ya saa saba akaitwa. Hakuinuka. Roda akadhani amesinzia, akamwita tena, kisha akaenda kumwamsha. Alikuwa amekata roho pale pale kwenye benchi, kofia yake ikiwa magotini. Katika mshtuko ule, saa nzima ya chakula cha mchana skrini ya karani, iliyokaa upande kuelekea kioo, iliachwa wazi ikionyesha jina lake na ugonjwa wake, na watu wakalisoma jina hilo kupitia kioo cha dirisha kabla ndugu zake hawajapigiwa simu. Matroni, mkuu wa wauguzi, alikasirika. Wiki hiyo hiyo akaagiza kila kompyuta ya hospitali iwekwe ile picha ya kufunika skrini, ijitokeze yenyewe baada ya dakika kumi bila mtu kugusa.

"Na jina lake ulilitoa kwenye orodha?" nikamuuliza.

"Ningelitoa aje? Nibonyeze 'Ameitika' na hakuitika?" Akainamisha kichwa. "Nilishindwa, madam. Nikaliacha."

Programu yangu haikuwa na njia ya kusema kwamba mtu amekufa. Sikuwahi kulifikiria hilo, ingawa niliiandika kwa ajili ya hospitali.

"Sasa," Roda akaendelea, "saa saba nafunga mlango naenda kula. Ukumbi hauna mtu. Saa saba na dakika kumi anaita. Zakaria Lukhale. Sauti yake. Saa saba na ishirini anaita tena. Mpaka nirudi saa nane. Nikikaa hapo ndani nikifanya kazi, haiiti. Ukiwa unaiangalia inanyamaza. Ukitoka tu ndio inaanza."

Mfagiaji alikuwa ameisikia na kuacha fagio lake katikati ya ukumbi. Wagonjwa waliowahi kurudi kabla ya saa nane waliisikia na kukataa kulikalia lile benchi. Matroni aliamini ni Roda anayefanya mzaha na maiti, kwa sababu ufunguo wa chumba kile ulikuwa mmoja na ulikaa mfukoni mwake.

"Amenipa mpaka Ijumaa," akasema. "Kama haina maelezo, ananipa barua niende nyumbani."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Kesho yake nilikuwa hospitali kabla ya saa sita. Matroni alinipokea kwa heshima ila hakunialika kukaa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini. "Mimi siamini mizimu, Madam Felista," akasema. "Ninaamini kuna mkono wa mtu. Nionyeshe ni wa nani." Akaniachia.

Saa saba ilipofika watu wakatoka, Roda akanifungia ndani ya chumba cha karani kwa ombi langu na kwenda zake na ufunguo. Nikakaa mbele ya kompyuta. Kupitia kioo niliona ukumbi mzima: mabenchi ya mbao safu kwa safu, saa ya ukutani, mlango wa nje ulioachwa wazi. Mvua ilikuwa inajikusanya upande wa msituni na mwanga ulikuwa umegeuka kijivu. Nikapekua faili moja baada ya nyingine. Saa saba na kumi ikapita. Na ishirini ikapita. Hakuna kilichoita. Roda aliporudi nilimwambia kwa ule ujuaji wa watu wa kazi yetu kwamba labda kuna waya uliolegea mahali. Akaniangalia, akavuta kiti chake na kurudi kazini.

Nikatoka kwenda kunawa uso, kisha nikapita duka la dawa la hospitali kumwomba karani wao kalamu. Hakuwepo. Kompyuta yake ilikuwa peke yake juu ya meza, skrini nyeusi, na picha ya maua ikielea polepole kutoka kona hii kwenda ile. Nikasimama kuitazama. Nilihisi kuna jambo linanigusa bega, lakini sikuligeukia vizuri. Nikaondoka.

Ijumaa nilirudi. Safari hii sikugusa chochote. Nilimwambia Roda aende kula kama kawaida, nikaenda kukaa ukumbini, benchi la nyuma kabisa, mikono magotini. Mvua ilikuwa imeanza, ile ya kwetu ya mchana inayopiga mabati mpaka huwezi kuzungumza. Hapo ndipo nilipogundua kwamba siko peke yangu. Mwanamke mmoja mzee alikuwa ameingia kutoka nje akakaa benchi la mbele, lile ambalo watu hawalikalii. Alikuwa na leso mabegani na mfuko wa plastiki mikononi. Hakugeuka. Nilidhani amekuja kujikinga mvua.

Saa ya ukutani ikafika saa saba na dakika kumi. Spika zikakwaruza kidogo, kama zilivyozoea kabla ya kuita, kisha mwanamume akasema, karibu kabisa na sikio langu, kwa sauti ya mtu anayehema:

"Zakaria Lukhale."

Akakohoa. Nyuma yake kukasikika mwanamke akinong'ona, "Sema na nguvu." Naye akarudia, kwa nguvu zaidi, "Zakaria Lukhale."

Halafu mvua tu.

Nitasema ukweli, sikufikiria programu wala namba. Nilifikiria mlango uko umbali gani. Kupitia kioo niliona chumba cha karani: kiti kitupu, kibodi haiguswi, kipanya kimetulia mahali pake. Kwenye kona ya dirisha la programu ile menyu haikuwa imefunguliwa. Hakukuwa na mkono wa mtu. Amri imetolewa, nayo imetekelezwa, na aliyeitoa hayupo.

Yule mama wa mbele hakushtuka. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyesalimiwa.

Nikajilazimisha kukaa. Saa saba na ishirini, akaita tena, na kikohozi kile kile, na mnong'ono ule ule. Safari hii, kwa kuwa nilikuwa nimeikodolea macho ile skrini, nikaona jambo lililonipita jana. Haikuwa nyeusi. Kwa dakika ishirini hakuna aliyeigusa, na bado ilikuwa inang'aa na majina yake yote. Ile picha ya maua iliyoelea kule duka la dawa, hapa haikuja. Ilipaswa kuja saa saba na kumi.

Saa saba na kumi.

Nilitoka kwenye baraza, mvua ikinirushia matone, nikampigia simu Mzee Rajabu. Nikamsalimu, akaitikia kikamilifu mpaka mwisho kama kawaida yake, akaniuliza habari za mguu wangu ingawa mguu ulikuwa wake. Nikamweleza.

"Kompyuta ikiachwa dakika kumi," akasema polepole, "mfumo hufanya nini kabla ya kufunika skrini?"

"Unatuma ujumbe kwenye dirisha lililo mbele. Unaliuliza kwanza."

"Ujumbe gani?"

"Wa amri. Kama zile za menyu."

"Namba yake?"

Nilikuwa nimekwisha kuijua kabla hajauliza.

"F140," nikasema.

"Na amri yako wewe uliipa namba gani, Felista?"

Hakuniambia kitu kibaya. Alisema tu, "Niliwahi kukwambia uko kwa wenyewe," akaniombea heri, akakata.

Kwa hiyo yalikuwa hivi, na ninawaandikia waziwazi ili asitokee mwingine. Kila kompyuta ile ilipoachwa peke yake dakika kumi, mfumo uliiambia programu yangu: F140, funika skrini. Programu yangu ikasikia: F140, ita waliobaki. Ikamwita aliyesubiri kuliko wote. Na kwa kuwa niliukamata ujumbe ule nisiupitishe, skrini haikufunikwa, na mfumo ukarudi kuuliza baada ya dakika kumi nyingine. Kabla ya agizo la matroni hakuna kompyuta iliyokuwa na picha ile, ndiyo maana kwa zaidi ya mwaka palikuwa kimya. Ilihitaji chumba kisicho na mtu. Kuwepo kwa mtu yeyote kwenye kibodi kuliinyamazisha.

Nikaenda kwa matroni nikiwa nimelowa. Nikamwambia, "Uliniambia nikuonyeshe mkono ni wa nani. Ni wangu." Nikachora kwenye karatasi, nikaeleza mara mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitoa bahasha ya Roda kwenye droo, akaichana mara mbili, akaniuliza kama ninaweza kurekebisha kabla ya saa nane. Nikasema ninaweza. Kubadilisha namba moja hakuchukui muda. Nilipomaliza nikamwambia Roda, mbele ya matroni, kwamba mwezi mzima alisemwa vibaya kwa kosa langu, na kwamba naomba radhi. Machozi yalimtoka, na akayafuta upesi.

"Basi si yeye," akasema.

"Si yeye."

"Lakini ni sauti yake."

"Sauti ni yake."

Akatikisa kichwa. Hilo sikuwa na namba ya kulirekebisha.

Jumatatu nilirudi kuhakikisha. Sisi watatu, mimi, Roda na matroni, tulisimama kwenye kona ya ukumbi saa saba. Yule mama alikuwa amekwisha kufika, benchi lile lile, leso ile ile. Saa saba na kumi ilifika. Skrini ya karani ikawa nyeusi, na ua moja likaanza kuelea. Spika hazikukwaruza. Ukimya ule ulikuwa mzito kuliko nilivyotegemea.

Saa saba na ishirini yule mama aliinua uso kuziangalia spika. Na thelathini akageuka nyuma, akatutazama.

"Leo haita?" akauliza.

Roda akaninong'oneza, "Ni Mama Trufena. Mke wa marehemu Zakaria."

Sikujua. Ijumaa yote ile nilikaa nyuma yake na sikujua. Nikaenda kukaa kando yake, nikamweleza kwa maneno mepesi kwamba kulikuwa na kosa kwenye mashine, kosa langu mimi, na kwamba nimelitoa. Nikamwambia pole kwa yote aliyoyasikia. Nikamwambia pia kwamba akitaka naweza kumwekea ile sauti kwenye simu yake, awe nayo nyumbani.

Akafikiri.

"Hapana, mama. Kwa simu nitakuwa mimi ndio namwita. Hapa alikuwa anajiita mwenyewe."

"Ulijua muda wote kwamba ni rekodi?"

"Si nilikuwa naye akiiweka? Mimi ndio nilimwambia aseme na nguvu. Mimi si mjinga, najua amezikwa, nilimwaga udongo na hii mkono." Akaukunja mfuko wake wa plastiki, akaukunjua. "Ile siku aliniambia ana kiu. Nikamwambia ngoja nikutafutie chai hapo nje, nikirudi tutaingia pamoja. Kule kwa chai kulikuwa na watu wengi. Nikirudi, wanasema ameitwa mara mbili. Aliitwa na mimi siko. Hakukuwa na mtu wa kumwitikia."

Akauweka mfuko kando yake kwenye benchi.

"Ndio nikasikia watu wanasema anaitwanga mchana. Nikaanza kukujanga. Nakaa hapa, akiitwa ananikuta."

"Na mbona hukuitikia?" Roda akamuuliza kwa upole.

"Niitikie nani, na dirisha limefungwa? Hapo ndani hakuna mtu."

Roda aliniangalia. Mimi nikamwangalia matroni. Yule mwanamke asiyeamini mizimu alitazama saa, akatazama mlango wa chumba cha karani, akatikisa kichwa mara moja kukubali.

Roda akafungua mlango kwa ufunguo wake, akawasha taa, akakaa kwenye kiti chake na kulisogeza dirisha la kioo mpaka likafunguka lote. Mimi nikasimama nyuma yake. Nikagusa kibodi, ua likapotea. Nikafungua menyu ya dirisha kwa mkono wangu, nikateremka mpaka chini, nikachagua "Ita Waliobaki".

Spika zikakwaruza.

"Zakaria Lukhale." Kikohozi. "Sema na nguvu." "Zakaria Lukhale."

Mama Trufena aliinuka. Alijifunga leso vizuri, akanyoosha nguo yake kwa viganja, akatembea katikati ya yale mabenchi matupu bila haraka, kwa upande mmoja wa njia, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kupita. Alifika dirishani akaweka mikono yote miwili juu ya kizingiti.

"Tuko hapa," akasema.

"Karibuni," Roda akajibu. Nilimwona akipepesa macho kuelekea ile nafasi tupu iliyo kando ya yule mama, kisha akabonyeza "Ameitika".